Umeme wa Visiwani na Joto la Tanuri

Mwezi Mei 2008 njia ya umeme itokayo Bara ilipata hitilafu, na Unguja ikakaa gizani kiasi cha mwezi mzima. Desemba 2009 balaa likarudi, na giza likadumu miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 uliokamilika mwaka 2013 umeleta nafuu kubwa. Hata hivyo, funzo lile lisisahauliwe: hospitali na mashine za kuvuta maji hazifai kutegemea njia moja tu.

Miongoni mwa njia zinazotajwa ulimwenguni ni seli za fueli za oksidi ngumu. Seli hizo haziwashi moto. Hewa hupita upande mmoja, gesi upande wa pili, na katikati umo ukuta mwembamba wa kauri. Oksijeni hupokea elektroni, hupenya kauri ikiwa ioni, kisha huungana na gesi na kuziachia elektroni zile. Mwendo wake ndio umeme. Seli bora hugeuza zaidi ya nusu ya nguvu ya gesi kuwa umeme.

Tangu Emil Baur na Hans Preis walipozijaribu huko Uswisi mwaka 1937, adui wa seli hizi ni joto. Huhitaji digrii 800 hadi 1000, sawa na tanuri la chokaa. Katika joto hilo vyuma huliwa na kauri hupasuka. Likishuka kufikia 600, chuma cha pua cha kawaida chatosha. Lakini hapo kazi ya elektrodi ya upande wa hewa huzorota.

Dawa iliyopatikana ni kuunda elektrodi kwa chembe za nanomita, yaani sehemu ya milioni ya milimita. Kila mpishi anajua kuwa pilipili manga iliyosagwa hukoleza mchuzi upesi kuliko nzima, ijapokuwa uzito ni mmoja. Chembe ndogo zina uso mpana wa kufanyia kazi.

Lakini hapo ndipo penye mtego. Chembe hizo hizo, zikikaa katika joto, huungana na kunenepa, na faida ikapotea. Kwa hiyo wakuu wetu wakiletewa mitambo hii wasiulize nguvu yake ya siku ya kwanza. Waulize imebaki kiasi gani baada ya saa 40,000, ambazo ni kama miaka minne na nusu ya kazi mfululizo. Waulize pia gesi itatoka wapi. Ile ya Songo Songo inazalisha umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004, lakini hakuna bomba lililovuka kuja kwetu. Mtambo usio na chakula chake ni pambo.

Haraka haraka haina baraka, lakini kungoja bila kujiandaa ni uzembe. Vijana wetu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar hawana budi kufundishwa kemia ya vitu hivi sasa, ili siku muuzaji atakapofika, awepo mwenyeji wa kumhoji.