Elimu ya Injini Ipitayo Katika Simu

Chini ya mkaratusi mmoja ulio kando ya njia iingiayo sokoni Tabaka, huku Kisii, mahali ambapo vumbi jeupe la jiwe la sabuni hukutana na doa jeusi la oili chakavu, nilimkuta mwaka uliopita kijana mmoja ameegemeza simu yake juu ya betri ya gari la Probox, na katika kioo cha simu ile mwalimu wa nchi ya mbali, ambaye yamkini hajapata kulisikia jina la Tabaka, alikuwa akieleza kwa utaratibu mwema namna ya kuitafuta silinda ipotezayo mpigo. Boneti ilikuwa wazi, taa ya injini ilikuwa ikiwaka, na kifaa kidogo kilichochomekwa chini ya usukani kilikuwa kimekwisha kutoa hukumu yake kwa herufi na tarakimu: P0303, maana yake silinda ya tatu haichomi. Kijana alifanya kama alivyofundishwa. Aliing'oa koili ya silinda ya tatu akaiweka katika ya pili, na ya pili akaiweka katika ya tatu, akaifuta hukumu ile, akawasha injini tena na kungoja. Kwani lau ugonjwa ungalihama pamoja na koili, tarakimu zingalisoma P0302, na mkosa angalijulikana. Ugonjwa haukuhama. Hapo mjomba wake, mzee ambaye hajapata kukaa darasani kusomea magari, aliinuka juu ya kigoda chake, akatwaa bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya injekta ya kwanza na kitako chake sikioni, akasikiliza, akaenda kwa ya pili, akasikiliza, na alipofika kwa ya tatu akasema, "Hii hailii, kijana wangu."

Injekta nzima hulia kwa mdundo mwembamba wa haraka kama saa ya mkono, na ile ilikuwa kimya. Ndani ya robo saa waya uliokatika karibu na plagi yake ulionekana, ukaungwa, na gari likaondoka na abiria wake. Nimelisimulia jambo hili kwa urefu kwa sababu tangu siku ile sijaweza kukubaliana na watu wa pande mbili: wale wasemao kwamba madarasa ya ufundi ya mtandaoni ni upuuzi, na wale wasemao kwamba zama za kukaa miguuni pa fundi zimepita. Simu iliondoa koili katika tuhuma bila ya kununuliwa koili mpya kwa hasara. Sikio likaonyesha mahali pa ugonjwa. Rai yangu ni kwamba anayeanza kujifunza kurekebisha injini, au kutyuni kama wasemavyo mafundi wenyewe, afundishwe na mtandao kupima, afundishwe na gereji kusikia na kushika, na asiruhusiwe kubadili hata tarakimu moja katika kompyuta ya gari la mtu mpaka elimu hizi mbili zimekutana ndani yake.

Si mara ya kwanza kwa nchi yetu ya Kenya kuhangaikia swali la kijana na ufundi. Mwaka 1966 taarifa ya baraza la makanisa iliuliza kijana afanye nini baada ya shule, na katika swali hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini; mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliandika juu ya mafundi wetu wadogo taarifa iliyosomwa ulimwenguni kote; mwaka 1985 Rais Moi akawatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, waliokuwa wakifua mabati juani, na jina la jua kali likapata heshima ambayo halikuwa nayo. Kwa muda wote huo, gereji imebaki kuwa madrasa kubwa ya injini kuliko zote. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, jirani yetu kabisa, alianza kuyajua magari katika gereji ya baba yake, na mwaka 1965 akazishinda mbio za magari za Safari kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na mwingine, kisha akazishinda tena mwaka 1974 na 1976. Elimu yake ilikuwa ya mkono na sikio, nayo ilimtosha kuwapita watu waliokuja na magari mapya kutoka viwandani.

Lakini gereji ina aibu zake, na ni haki zisemwe. Mwanagenzi huosha vyuma kwa petroli miezi mingi kabla ya kuelezwa lolote. Akiuliza sababu huambiwa atazame tu. Na fundi mwenyewe mara nyingi husema "ongeza kidogo" au "punguza kidogo" bila ya kujua kidogo hicho ni kiasi gani. Hapa ndipo mwalimu wa mtandaoni ana fadhila kubwa. Yeye humweleza mwanafunzi kwamba petroli huchomeka vema hewa ikiwa takriban gramu 14.7 kwa kila gramu moja ya petroli, kwamba hewa ikizidi injini hupata joto na kukosa nguvu, na kwamba petroli ikizidi plagi huvaa masizi meusi na mfuko wa mwenye gari hutoboka. Humwonyesha cheche inavyopaswa kuruka kabla pistoni haijafika kileleni, na kwa nini wakati huo hubadilika kadiri mwendo na mzigo unavyobadilika. Asipoelewa, mwanafunzi hurudisha nyuma na kusikiliza tena mara kumi, na hapana wa kumkemea. Tulipofungiwa shule mwezi Machi mwaka 2020, wengi tuliona kwa macho yetu kwamba kioo kidogo chaweza kubeba elimu nyingi. Na kuna binti ambaye asingethubutu kuingia gerejini penye wanaume ishirini na maneno makali, ambaye leo aweza kuanza nyumbani kwao, akaja gerejini siku ya kwanza akiwa anajua tofauti ya sensa ya hewa na sensa ya moshi. Kwa ajili yake peke yake ningaliutetea mtandao.

Kasoro ya madarasa hayo ni kwamba mengi huuza tunda kabla ya mzizi. Tangazo halimwiti mwanafunzi aje kupima. Humwita aje kuongeza nguvu. Baada ya wiki chache huwa amepewa programu ya kuingilia kompyuta ya gari, na majedwali ya cheche na petroli yako mbele yake kama dawa kali mbele ya mtoto. Mimi mwenyewe niliwahi kumwachia gari langu kijana wa namna hiyo, mwenye adabu na bidii, aliyeisogeza cheche mbele ili gari lipande milima ya Kisii kwa wepesi. Lilipanda kwa wepesi majuma matatu. Kisha mlio wa kama kokoto ndani ya bati ukaanza kusikika kila nilipokanyaga mafuta mlimani, nami kwa ujinga wangu nikaupuuza, hata pistoni moja ikavunjika ukingo wake wa ringi na moshi wa buluu ukajaa nyuma yangu. Jedwali alilolitumia lilikuwa limetengenezwa kwa petroli ya nchi nyingine. Hakuna aliyemfundisha kwamba petroli huenda ikawa imetiwa mafuta ya taa, uovu uliotusumbua hata serikali ikaongeza mwaka 2018 tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya uchanganyaji iishe. Wala kwamba mlio ule ni kilio cha injini inayopigwa na mwako uliotangulia wakati wake. Kijana hakukosa akili. Alikosa mtu wa kumshika bega akamwambia, sikiliza.

Liko na jambo la mwinuko, ambalo kwangu ndilo linalonisadikisha kabisa kwamba darasa hili lazima litungwe hapa. Nyanda za Gusii ziko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha karibu moja ya sita. Kabureta iliyowekwa sawa Mombasa, ikipandishwa huku, huendelea kumwaga petroli karibu ile ile ilhali hewa imepungua, na injini huanza kutoa moshi mweusi na kunywa kama yenye kiu ya homa. Wazee walioendesha Peugeot 404 walijua kubadili jeti kwa ajili hiyo. Gari la kisasa lenye sensa hujirekebisha lenyewe kwa kiasi, na kwa mwanafunzi hilo ni somo zuri ajabu: katika gari lenye sensa ya mgandamizo, mfungulie ufunguo bila ya kuwasha injini, naye atasoma kilopaskali zipatazo 101 akiwa ufukweni, na 83 hivi akiwa huku juu. Gari limempimia mlima! Mwalimu aliyerekodi somo lake katika mji wa pwani ya ng'ambo hana haja ya kulitaja jambo hili, na mwanafunzi wa Tabaka anayefuata tarakimu zake kwa uaminifu hupotea kwa uaminifu.

Ndiyo maana naona mwanzo usiwe gari hata kidogo. Uwe pikipiki. Kila kona ya Kisii na Nyamira ina Boxer ya bodaboda, yenye silinda moja, plagi moja na kabureta moja iliyo wazi machoni, na hapana injini iliyo karimu zaidi kwa mwanafunzi. Afungue plagi aitazame: nyeusi yenye masizi, petroli imezidi, nyeupe kama jivu, hewa imezidi, rangi ya kahawia hafifu, mambo ni mema. Azungushe skurubu ya hewa nusu duru, aendeshe taratibu njia ile ile, aifungue tena, aandike. Vifaa vyote anavyohitaji ni spana ya plagi, bisibisi na daftari. Akikosea, hasara ni plagi. Katika majuma sita ya kazi ya namna hiyo atakuwa amejua kwa mkono wake maana ya mchanganyiko, jambo ambalo saa mia za kutazama haziwezi kumpa, na ndipo apelekwe kwenye kompyuta ya Probox akayakute maneno yale yale yameandikwa kwa tarakimu.

Watu wa Tabaka hawahitaji kuhubiriwa sana juu ya kukutana kwa mkono na kitabu. Katika machimbo ya huku mtoto hujifunza jiwe kando ya baba au mjomba, kwanza kwa kusugua kwa msasa na maji vinyago vilivyochongwa na wengine, mpaka vidole vyake vimejua tofauti ya jiwe jeupe, la waridi na la kijivu kabla hajapewa kisu. Elkana Ong'esa alitoka katika elimu hiyo ya nyumbani, akaenda Makerere kusomea sanaa, na ndege wake wa amani wa jiwe la Kisii amesimama makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Makerere haikumfuta mchongaji wa Tabaka, wala Tabaka haikumzuia msomi wa Makerere.

Basi nawaomba walio na mamlaka wasiliache jambo hili mikononi mwa wafanyabiashara wa matangazo. Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kisii kina walimu wa injini na karakana. Vyuo vya ufundi vilivyokabidhiwa kaunti mwaka 2013 viko karibu na vijiji, na vingine havina wanafunzi wa kutosha. Walimu hao watunge masomo mafupi ya mtandaoni kwa Kiswahili chepesi, yapatikane kwa kupakuliwa mara moja ili bando lisiishe njiani, na kila somo lidai vipimo vilivyochukuliwa na mwanafunzi mwenyewe katika injini iliyo karibu naye. Mwenye gereji anayempokea mwanafunzi kama huyo alipwe, hata kama ni kidogo, kwa sababu muda wake ni riziki yake, na tumezoea kuuchukua bure. Mwisho wa safari uwepo mtihani wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, kuanzia daraja la tatu, ambao mwanafunzi ataufanya mbele ya injini. Mjomba mwenye bisibisi naye afunguliwe mlango huo huo, kwani nchi imekwisha kukubali kwamba ujuzi uliopatikana nje ya darasa waweza kupimwa na kutambuliwa, na ni dhuluma mtu aliyefundisha vijana miaka thelathini aendelee kuitwa asiye na elimu.

Somo hilo pia liseme waziwazi yasiyofaa kufanywa. Nimeona kataliti, yaani visafishio vya moshi, zikikatwa katika ekzosi na kuuzwa kwa madini yaliyomo, mwenye gari akiambiwa kwamba gari litapumua vizuri, na moshi wake wenye sumu ukaachiwa watoto waendao shule kwa miguu kando ya barabara. Mwanafunzi aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba kazi hiyo haimo katika ufundi.

Nilipopita tena Tabaka mwezi uliopita, mkaratusi ulikuwa bado una wateja. Simu ilikuwa mfukoni mwa kijana, na juu ya betri palikuwa na daftari la mazoezi lenye jalada la buluu lililolowa oili pembeni. Mjomba ndiye aliyemtaka alianze. Katika kila ukurasa palikuwa na aina ya gari, mizunguko ya injini ikiwa imetulia, hali ya plagi, marekebisho ya petroli kama kifaa kilivyoyasoma, na mwishoni mstari mmoja kwa mwandiko wa kijana, juu ya kile ambacho mzee alisikia. Niliomba nilisome. Nililisoma mpaka fundi wa kike aliyekuja kuazima spana akaniomba nisogee, akalichukua, na kuanza kunakili.