MIZANI IWE MOJA

Mkulima wa pamba wa Bukundi, wilayani Meatu, hana mahali pa kuficha mapato yake. Pamba yake hupimwa mbele ya watu, na ushuru wa mazao hutozwa juu ya thamani yake. Sheria ya mwaka 2017 iliupunguza ushuru huo kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Mnunuzi ndiye aupelekaye halmashauri, lakini mzigo wake humfikia mkulima katika bei.

Je, mwimbaji au mcheza filamu ambaye sifa zake zimefika hata Bukundi, naye hupimwa hivyo?

Yaliyotokea kwingine yatufunze. Mwaka 2018 ilibainika kwamba Fan Bingbing, mwigizaji mashuhuri wa China, alilipwa yuan milioni 30 kwa filamu moja, lakini mkataba uliotumika kulipia kodi ulitaja milioni 10 tu. Serikali ilimwamuru alipe kodi na faini, jumla yapata yuan milioni 880. Huko Hispania, mwaka 2023, mwimbaji Shakira alikiri mahakamani kosa la kukwepa kodi, akatozwa faini ya zaidi ya euro milioni 7.

Hapa kwetu, mwaka 2013 stempu za kodi ziliwekwa juu ya kazi za muziki na filamu. Muziki ukahamia kwenye simu, stempu ikakosa pa kubandikwa. Ndipo sheria ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 5 juu ya malipo ya watengenezaji wa maudhui ya mtandaoni.

Twaiunga mkono hatua hiyo. Lakini yafaa ieleweke kwamba makato hayo humpata kwanza kijana anayeanza, ambaye malipo yake ni madogo na yako wazi. Mikataba ya siri na fedha taslimu zitolewazo usiku baada ya tamasha hayawezi kuyafikia. Huko ndiko Mamlaka ya Mapato iendako ikakague.

Wala asisamehewe mtu kwa sababu aliimba jukwaani wakati wa kampeni; wala asiaibishwe mtu magazetini kabla hesabu zake hazijakaguliwa. Sheria imwite, imsikilize, imtoze anachodaiwa.

Ndugu wafanyakazi na wakulima, ninyi hukatwa kodi kabla fedha hazijawafikia mkononi. Mnayo haki ya kudai kwamba na hao mnaowashangilia wapimwe kwa mizani ile ile.