"CHUMA NI CHUMA"? HAPANA!



Kila mara mwalimu akianza somo la vyuma, kule nyuma ya darasa mutu anauliza: "Hii itatusaidia nini?" Mimi pia nilikuwa ninaulizaka vile. Leo nataka kusema kwa nini nimeacha.

Wakati wa vakansi nilisaidia kazi katika garaji moja ya mjini. Walileta motokari ya modeli mpya iliyogongwa upande. Nguzo iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma ilikuwa imepindama. Fundi alitaka kuitoboa ili aivute, lakini mashine iliteleza tu juu yake, ncha mbili zikaharibika. Basi akawasha moto wa gesi, akachoma nguzo mpaka ikawa nyekundu, akainyoosha kwa nyundo, akaiacha ipoe. Alipotoboa tena, ncha iliingia sawa katika ndizi. Akacheka: "Unaona, mutoto? Sasa inasikia." Mwenye gari akalipa, akashukuru, akapandisha watoto wake, wakaenda.

Mimi nilinyamaza, maana mutoto hafundishi mukubwa kazi. Lakini jambo lile halikunitoka. Kama ncha ilikataliwa asubuhi na kuingia mangaribi, basi chuma kimebadilika. Kimepoteza nini?

Ndani ya chuma mna punje ndogo sana, zinaonekana kwa mikroskopi tu. Namna zilivyopangwa njo inatoa nguvu. Chuma laini cha karosri za zamani ni punje za feriti zaidi, nazo zinapindama upesi. Nguzo ya motokari nyingi za leo ni jambo lingine. Kiwandani wanaipasha moto kupita digrii 900, wanaikandamiza katika kalibu baridi, inapoa kwa sekunde chache. Kaboni haipati wakati wa kutoka, inafungwa ndani, na punje zinageuka kuwa martensiti, jina lililotoka kwa Mdachi Adolf Martens. Waya wa chuma laini wenye unene wa milimita mraba 1 unakatika kwa uzito wa karibu kilo 30. Wa chuma hiki unafika karibu kilo 150. Njo maana gari ikigongwa upande, nguzo inakataa kuingia juu ya watu.

Si kila kipande kinafanywa kigumu vile. Sehemu nyingine zina martensiti kidogo katikati ya feriti laini, ili zipindame na kumeza pigo bila kupasuka. Kila kipande na kazi yake.

Sasa, ukichoma nguzo ile na kuiacha ipoe polepole, kaboni inatoka kifungoni na ulaini unarudi. Umbo ni lile lile, rangi inapakwa upya, lakini nguvu imekwenda.

Wasiosadiki wachukue sindano mbili za kushona. Wazichome zote ziwe nyekundu. Moja waitie katika maji, nyingine waiache ipoe polepole katika majivu ya moto. Ile ya maji itavunjika kwa vidole, ile ya majivu itapindama sawa waya. Chuma kimoja, moto mmoja, kupoa njo kumeleta tofauti.

Wengine watasema: "Watu wetu hawana pesa ya kununua nguzo mpya." Ni kweli, nami sichekelei umaskini. Wala simcheki fundi. Kwa karosri za zamani moto wake ulikuwa akili. Vyuma vimebadilika na hakuna aliyemwambia. Kosa ni letu pia, sisi tunaosoma, tunapata pointi zetu, halafu tunanyamaza.

Kwa hiyo naomba mawili. Kwanza, jaribio la sindano lifanywe katika kila darasa hapa kwetu. Pili, kila mmoja wetu akienda vakansi aseme kwa heshima: "Papa fundi, kama ncha inateleza, usichome. Heri kubadilisha kipande kizima."

Motokari ile ingali inapita barabarani na watoto wale ndani. Nikirudi mjini, nitakwenda kwanza kwa fundi, kisha nitamtafuta mwenye gari. Watanikasirikia labda. Heri hiyo kuliko kunyamaza mara ya pili.

Mukubwa wa wanafunzi, mwaka wa 6