Mtoto mkubwa tumboni: tuamue mahali kwanza, njia baadaye

KATIKA vijiji vyetu vya milimani, Vudee ikiwemo, mama mjamzito mwenye tumbo kubwa husifiwa. Mawifi humwambia amebeba dume, na mtoto akizaliwa na kilo nne na nusu habari hufika msikitini kabla ya adhana ya Alasiri. Ni furaha, wala hatuipingi. Lakini ukubwa huo mara nyingine ni dalili ya kisukari cha mimba, na familia nyingi huanza kulijadili jambo hili usiku, uchungu umeshashika, gari halipo, na baba yuko Dar es Salaam anatafutwa kwa simu.

Kisukari hiki huanza au hugunduliwa wakati wa ujauzito, na mama anaweza asijisikie lolote. Sukari iliyozidi katika damu yake hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, lakini insulini ya mama haipiti. Mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake kwa wingi, naye hunenepa, hasa mabegani na tumboni. Kwa hiyo kichwa kinaweza kutoka vizuri, waliopo wakaanza kusema Alhamdulillah, kisha mabega yakakwama. Hapo zinahesabiwa dakika. Mtoto anaweza kukosa hewa au kuumia mishipa ya fahamu ya mkono, na mama kuchanika na kuvuja damu nyingi.

Si kila mtoto mkubwa ni wa kisukari. Wengine wamerithi tu maumbile ya wazazi wao. Anayepaswa kushuku zaidi ni mama aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo nne au zaidi, aliyewahi kufiwa na mtoto tumboni bila sababu kujulikana, mwenye mzazi au ndugu wa kisukari, au mwenye uzito mkubwa. Huyo aulize kliniki mapema apimwe damu, na akionekana mzima apimwe tena kati ya wiki ya 24 na ya 28. Kipimo cha mkojo pekee hakitoshi. Kipimo kamili ni cha damu kabla ya kula chochote asubuhi, kisha mama hunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa tena. Kwa vipimo vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2013, 5.1 kabla ya kula, au 8.5 baada ya saa mbili, tayari ni kisukari cha mimba.

Tuseme sasa kipimo hakikupatikana, au majibu hayaeleweki, na tumbo linaendelea kukua. Hapa ndipo ndugu hugawanyika. Mmoja anasema bibi zetu walizaa nyumbani. Mwingine amesikia habari za upasuaji, anataka mama apasuliwe tu yaishe. Maoni yangu ni kwamba wote wawili wanabishania njia wakati suala la kwanza ni mahali. Mama huyu asijifungulie nyumbani, wala kwenye zahanati isiyo na chumba cha upasuaji. Ajifungulie hospitali, iwe ya wilaya pale Same au atakakoelekezwa na daktari, hata KCMC Moshi ikibidi. Na asisubiri uchungu umkute mlimani, hasa wakati wa masika. Ashuke wiki mbili tatu kabla ya siku zake, akae kwa ndugu Same mjini.

Akishafika huko, njia zinaweza kupimwa kwa utulivu. Iwapo sukari imedhibitiwa na mtoto si mkubwa mno, mama wengi huzaa kwa njia ya kawaida. Pengine daktari atashauri uchungu uanzishwe, mara nyingi mimba ikiwa na wiki 38 hadi 40, mtoto asizidi kukua. Mama mwenye kisukari ambaye mtoto wake anakadiriwa kufika kilo 4.5 huelezwa pia juu ya upasuaji wa kupanga. Neno "anakadiriwa" tulizingatie. Altrasaundi haipimi kama mizani ya dukani. Mtoto aliyeandikwa kilo 4.5 anaweza kutoka na kilo nne, au tano.

Upasuaji nao una gharama yake, si ya fedha tu. Unaacha kovu kwenye mfuko wa uzazi, na kila upasuaji unaofuata huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishikiza pabaya na kuleta damu nyingi. Kwa familia inayotaraji watoto sita au saba hilo ni jambo zito, na daktari aambiwe waziwazi idadi wanayoitarajia. Lakini mama akiambiwa upasuaji unahitajika, asirudishwe nyumbani kwa sababu ya aibu. Na akikosekana daktari mwanamke, wanazuoni wameruhusu mwanamume atibu kwa kadiri ya haja.

Akina baba, ridhaa yenu itoeni mapema, na mwelewe kuwa mwenye mwili ndiye mwenye neno la mwisho. Tunanunua mbuzi wa akika miezi kabla, lakini nauli ya Same tunaitafuta usiku huo huo!

Kuhusu chakula, mama asijinyime. Apunguze sukari kwenye chai na uji, asahau soda, ale kidogo kidogo mara nyingi. Makande yenye maharage mengi ni bora kuliko sahani iliyojaa wali. Tende zina baraka, ila kwake azile kwa hesabu. Atembee kila siku. Sukari isiposhuka kwa chakula, dawa au sindano ya insulini haina aibu. Na Ramadhani ikimkuta katika hali hii, ruhusa ya mgonjwa iko wazi katika Suratul Baqara, aya ya 185, asijilazimishe.

Mtoto akizaliwa, sukari yake yeye inaweza kushuka ghafla kwa kuwa ile ya mama imekatika. Anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, awekwe kifuani apate joto, na apimwe sukari. Anayemfanyia tahniki anawe mikono, atumie tende kidogo sana, si asali, wala isichukue nafasi ya ziwa.

Kwa mama, sukari mara nyingi hurudi kawaida, lakini anabaki katika hatari ya kupata kisukari cha kudumu. Arubaini ikiisha, siku atakayompeleka mtoto kliniki, naye apimwe damu, asipitishe wiki 12. Kisha apimwe walau kila baada ya miaka mitatu, na kabla ya kubeba mimba nyingine.