Mutoto Anataka Kuwa Muuguzi: Tumuulize Sababu Gani



Kila mwaka, mbele ya mwezi wa 9, wazazi wengi katika kambi zetu wanahesabu pesa za masomo na kutafuta shule ya kumuandikisha mutoto. Wengi wanachagua shule ya uuguzi. Jambo hilo ni zuri. Mahali penye mashine nzito, moto, umeme na vumbi, watu wanahitaji wauguzi sawa vile wanavyohitaji maji. Lakini tunapenda kuwaambia wazazi, na vijana wenyewe, neno moja: mbele ya kulipa pesa, ulizeni kwanza sababu gani mutoto anataka kazi hiyo, na anataka kufika wapi nayo.

Majibu ni ya namna nyingi. Mumoja anasema: «Bluzi nyeupe inapendeza.» Mwingine anasema: «Muganga hakosi chakula.» Wa tatu anasema: «Ni baba ndiye anataka.» Na wengi wanajibu: «Ninataka kusaidia watu.» Tuyapime majibu haya moja moja, bila kumucheka mutu.

Bluzi nyeupe. Ni kweli, inapendeza. Lakini inachafuka siku ya kwanza ya staji. Muuguzi anaosha kidonda chenye kunuka. Anamugeuza mugonjwa asiyeweza kujigeuza. Anabeba choo cha mutu ambaye si ndugu yake. Anaamka usiku wakati wengine wanalala, na mugonjwa anamutukana kwa sababu ya maumivu. Kijana aliyefuata bluzi peke yake atachoka mapema, na mugonjwa ndiye atakayelipa uchovu huo.

Pesa. Kutafuta mushahara si kosa. Hata mutu anayeshuka ndani ya shimo anashuka kwa ajili ya chakula cha watoto wake. Lakini anayefuata pesa tu, siku moja ataanza kumuangalia mugonjwa kama mufuko. Munajua mambo tunayoyaona katika vijumba vingine vya dawa: kichwa kinauma, serumu, mwili umechoka, serumu, mutoto ana homa, sindano, bila kupima tone moja la damu kujua kama ni malaria ao ni ugonjwa mwingine. Anayefanya hivyo si muuguzi. Ni muchuuzi wa dawa, na bei yake inaweza kuwa uzima wa mutoto wako.

«Ni baba ndiye anataka.» Baba, tunakuheshimu. Wewe unalipa, na una haki ya kushauri. Lakini wewe hutakuwa kando yake saa 9 ya usiku, wakati mwanamke anazaa na damu inatoka nyingi. Saa hiyo mutoto atasimama kwa nguvu ya nia yake mwenyewe, si kwa nguvu ya amri yako.

Sasa jibu la nne: kusaidia watu. Hilo ndilo jibu bora kati ya yote, na tunalisifu. Lakini tusidanganyane, lenyewe halitoshi. Ni moyo mwema, si lengo bado. Na moyo mwema bila ujuzi unaweza kuua.

Tukumbuke Yambuku, kaskazini ya nchi yetu, mwaka 1976, wakati nchi iliitwa Zaire. Hospitali ile ya misioni ilikuwa na watu wenye moyo wa kutumika, na wagonjwa walitoka mbali kutafuta musaada wao. Lakini kila asubuhi walikuwa na sindano 5 tu kwa wagonjwa wote wa siku, na kati ya mugonjwa na mugonjwa sindano ziliogeshwa kwa maji tu, hazikuchemushwa. Ugonjwa wa Ebola, ambao hakuna aliyeujua wakati ule, ukapita kwa njia ya sindano hizo. Watu 318 walipata ugonjwa, na 280 walikufa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Mwaka 1995 ugonjwa ulirudi katika muji wa Kikwit, na wauguzi wengi tena walikuwa kati ya wale walioanguka. Walipopata glavu, maski na mafundisho ya kujikinga, maambukizo kati yao yalipunguka sana.

Hatusemi maneno haya kuwahukumu marehemu. Walikufa kazini, na heshima yao ni kubwa. Tunasema ili kijana ajue: kuosha mikono, kuchemusha chombo, kuhesabu vipimo vya dawa na kuandika kila kitu katika kitabu si mambo madogo ya kuridhisha mwalimu. Ndiyo mapendo yenyewe. Anayependa watu anajifunza.

Basi, wazazi, muulizeni mutoto maulizo haya 3.

Ulizo la kwanza: unataka kumusaidia nani? Asijibu «watu wote». Atafute watu anaowajua. Katika kambi za madini kazi ipo nyingi. Vumbi la mawe linaingia katika mapafu na kuleta silikosi. Hakuna dawa ya kuiondoa, na inaweza kuonekana miaka mingi kiisha mutu kuanza kazi. Mwenye silikosi anashikwa upesi na kifua kikuu. Kifua kikuu chenyewe kinapona, lakini mugonjwa kwa kawaida anakunywa dawa miezi 6 bila kuruka. Wengi wanaacha mwezi wa 2, kwa sababu kikohozi kimepunguka na nguvu imerudi, kiisha wanaanguka tena na kuambukiza nyumba nzima. Kijana akisema: «Ninataka wagonjwa wa kifua wa kambi yetu wamalize miezi yao 6», huyo amepata lengo. Mwingine akisema: «Ninataka mama asife kwa kuzaa katika mutaa wetu», huyo pia amepata lengo. Lengo la namna hiyo linaweza kupimwa: kila mwisho wa mwaka mutu anajua kama amesonga mbele ao hapana.

Ulizo la pili: uko tayari kujifunza nini? Muuguzi wa mahali pa kazi lazima ajue kazi yenyewe. Aliyeshikwa na umeme, asiguswe kwanza, umeme ukatwe. Aliyeumia mugongo, asibebwe na watu 4 wa haraka kama gunia. Angojee ubao na watu wanaojua. Damu inayotoka kwa nguvu ifinywe mara moja kwa kitambaa safi. Muuguzi anayengoja wagonjwa tu katika chumba chake, bila kujua ni wapi vumbi linatokea na ni mashine gani inakata vidole, anafanya nusu ya kazi. Kukinga ni bora kuliko kuponya, na anayehesabu vidonda ndiye wa kwanza kujua ajali zinatokea wapi.

Ulizo la tatu: kiisha miaka 10 unataka kuwa wapi? Katika nchi yetu njia ina ngazi. Kuna A2, ambayo inapatikana kwa shule ya sekondari ya uuguzi. Kuna A1, ambayo inadai Diploma ya Taifa na angalau miaka 3 ya masomo ya juu. Na mbele ya A1 masomo yako tena. Asiyeweza kupanda ngazi zote mara moja asikate tamaa. Mwaka 1960, wakati wa uhuru, Chuo Kikuu cha Lovanium kilikuwa hakijatoa bado daktari wake wa kwanza. Lakini nchi ilikuwa na asistanti medikali zaidi ya 100, watu waliojifunza muda murefu kando ya vitanda vya wagonjwa. Shirika la Afya la Dunia, OMS, lilisaidia wengi wao kwenda Ufaransa kumaliza masomo ya udaktari, na wakarudi kutumika. Haraka haraka haina baraka. Lakini aliyeanza vizuri chini anaweza kufika juu.

Na wazazi wengine wanauliza: je, kazi hii si ya wasichana? Hapana. Wakati wa ukoloni waganga wasaidizi wa hospitali zetu walikuwa hasa wanaume. Leo wanawake na wanaume wanatumika pamoja. Musimukataze mutoto mwanaume kwa sababu ya haya, na musimusukume mutoto mwanamke kwa kufikiri kwamba kila mwanamke anazaliwa muuguzi. Uuguzi hauzaliwi, unafundishwa.

Kuna kipimo kimoja kisichodai franga hata moja. Katika hospitali zetu ni jamaa ndiyo inayopika chakula cha mugonjwa, inayofua nguo zake na kulala kando yake. Mutoto anayetaka kuwa muuguzi, mumutume akae na mugonjwa wa jamaa siku chache. Musiangalie siku ya kwanza, maana siku ya kwanza kila mutu ni mwema. Angalieni siku ya 4. Anarudi bila kusukumwa? Anauliza sababu gani dawa hii inatolewa asubuhi na ile jioni? Anaosha mikono hata kama hakuna anayemuona? Kama ni hivyo, lipeni pesa za masomo kwa furaha, hata kama ni nzito. Kama anakimbia harufu na kuuliza saa ya kurudi nyumbani, musimuchape, musimucheke. Mumutafutie kazi ingine. Nchi inahitaji pia walimu, mafundi wa umeme na washonaji.

Na ninyi vijana, musikilize. Hakuna mutu anayeshuka ndani ya shimo bila kujua anakwenda kufanya nini, na ni njia gani itamurudisha juu. Fanyeni vile vile kwa masomo yenu. Andikeni lengo lenu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa maneno machache, na mulisome tena kila mwanzo wa mwaka. Wakati usiku utakuwa murefu na mushahara utachelewa, bluzi nyeupe haitawatia nguvu. Lengo lile ndilo litakalowasimamisha kando ya kitanda, na mugonjwa atakuwa katika mikono mizuri.