Profesa wa Dundee na kengele yake

Nimepotea kidogo, zamu za usiku zimenibana, lakini hili nimeona nisilichelewe. Tangu binamu yetu afeli OSCE nimepigiwa simu na nusu ya ukoo, na mjomba ndiye kinara: anasema Wazungu wamembania, kwamba muuguzi aliyekaa wodini miaka sita hawezi kupimwa kwa dakika chache mbele ya sanamu la plastiki. Mjomba, shikamoo. Kwa heshima zote, mimi niko upande wa mtihani, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza kwa wasioujua. OSCE (sisi tunauita "oski") ndio mlango wa mwisho kwa muuguzi aliyesomea nje ya Uingereza kabla ya kusajiliwa na baraza la wauguzi la huku, NMC. Kwa wauguzi wa nje ulianza Oktoba 2014 ukiwa na vituo 6, na tangu 2021 ni vituo 10. Kengele inalia, unaingia kituo cha kwanza, unamhoji mgonjwa wa kuigiza. Kengele inalia tena, unahamia kingine: panga huduma, toa dawa, andika taarifa ya kumkabidhi mgonjwa, kandamiza kifua cha sanamu. Kila kituo kina mtahini na fomu yake, na kila hatua ina alama.

Mtihani huu una mwenyewe. Anaitwa Ronald Harden, wa Chuo Kikuu cha Dundee kule Uskoti. Mwaka 1975 yeye na wenzake watatu walichapisha makala fupi kwenye British Medical Journal wakieleza namna mpya ya kuwapima wanafunzi wa udaktari. Kabla ya hapo mwanafunzi alipewa mgonjwa mmoja, akakaa naye, halafu watahini wakamhoji. Sasa fikirieni. Wewe umepangiwa mzee mchangamfu mwenye ini lililovimba hata mtoto analiona, mwenzio kapangiwa bibi asiyekumbuka hata dawa anazomeza. Wewe umepata mtahini mpole, yeye kapata yule ambaye wanafunzi wote wanamuombea safari siku ya mtihani. Mnatoka na alama mbili tofauti na wala hakuna anayejua kama tofauti ni yenu au ni ya bahati.

Harden aliona kwamba katika chumba kile kuna mambo matatu: mwanafunzi, mgonjwa na mtahini. Akasema mgonjwa na mtahini tuwafanye wawe sawa kwa kila mtu, ili kinachobaki kutofautiana ni mwanafunzi. Ndiyo maana ya vituo vingi, watahini wengi, kazi ile ile na muda ule ule kwa wote. Basi, ndio wazo lote hilo. Halina hata mashine.

Siku hizi msomi anapimwa kwa mara ngapi wenzake wamemnukuu, na makala ile imenukuliwa sana. Mimi sioni kama hapo ndipo pa kuhesabu. Hesabuni madaktari, wauguzi, wafamasia, madaktari wa meno, kote duniani, waliopita kwenye vyumba vyenye kengele, hata katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki. Na katika hao hesabuni wageni kama sisi. Mimi nimesoma nyumbani, na nakumbuka mtihani wa mdomo ambao swali la kwanza lilikuwa jina la ukoo wangu na baba anafanya kazi wapi. Fomu ya oski haina sehemu ya kuandika hayo.

Mjomba ana nusu ya hoja, nakubali. Mgonjwa wa kuigiza anaweza asiielewe lafudhi yako, na woga unakula dakika. Tena ni ghali: hata baada ya ada kupunguzwa mwaka 2019 kutoka pauni 992 ilibaki 794. Halafu kuna la George Miller, Mmarekani aliyechora piramidi yake mwaka 1990: chini kabisa mtu anajua, juu yake anajua namna ya kufanya, kisha anaonyesha, kileleni anafanya. Oski inafika ngazi ya tatu tu. Mbele ya mtahini kila mtu ananawa mikono. Saa kumi alfajiri, wagonjwa wanane na mhudumu mmoja, hapo ndipo ngazi ya nne, na hakuna kengele.

Marekani nao walikuwa na mtihani wa aina hii kwa madaktari wote tangu 2004. Ada ilizidi dola 1,200 na waliosoma kwao karibu wote walikuwa wanafaulu, manung'uniko yakawa mengi. Korona ikausimamisha 2020, na Januari 2021 wakaufuta moja kwa moja. Kanada nao waliacha wa kwao mwaka huo huo. Mimi naona walikosea, ila ni rahisi kusema hivyo kwa mtu ambaye ada yake ililipwa na mwajiri.

Na binamu? Alipewa barua inayotaja vituo alivyofeli na kwa nini. Kimoja ni cha dawa: hakumuuliza mgonjwa kuhusu aleji kabla ya kumpa. Mjomba, hapo ubaguzi uko wapi? Mtu mwenye aleji ya penisilini haokolewi na miaka sita ya uzoefu wa anayemhudumia. Na ni barua inayomwambia cha kurekebisha, maana nafasi ya kurudia anayo. Mwanafunzi wa zamani aliambiwa tu "umeshindwa", akabaki kujiuliza.

Walimu wa uuguzi mnaonisoma huko, najua mtaniambia darasa lina watu wengi, walimu wachache, sanamu moja na mkono umekatika. Anzeni na vituo vitano. Darasa moja, madawati ya kutenganisha, wauguzi wa wodini washike fomu, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walale wawe wagonjwa. Kengele ya shule ipo.