Gari Likigoma Kuwaka
Kabla hujanunua stata mpya, sikiliza gari lako. Vuta breki ya mkono, weka gia huru, washa taa za mbele, kisha zungusha ufunguo. Taa zikififia na ukasikia ta-ta-ta, kagua betri kwanza. Vichwa vyake vikiwa na unga mweupe, zima kila kitu, fungua waya wa hasi kwanza, sugua kwa msasa, kaza. Hasi irudi mwisho. Taa zikibaki angavu na ukasikia “ta!” moja tu, shaka inahamia kwenye stata: mwite fundi. Usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde 10, stata isije ikaungua. Ukiyajua haya, mtoto akiugua usiku hutababaika, wala hutauziwa usichohitaji.